Dell OptiPlex 7010 SFF ya mtumba: mashine nzuri, ila kagua pawa saplai kabla hujalipa

Anayetafuta kompyuta ya mezani ya nyumbani kwa bei ya mtumba atakutana na OptiPlex 7010 ya umbo dogo, ile inayoitwa SFF, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Ilitoka 2012, na nyingi zimetumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika huku. Ni mashine ngumu. Lalamiko kubwa la wanaozinunua ni kwamba inajizima ghafla na kujiwasha yenyewe, na wengi hukimbilia kupiga Windows upya, kazi ambayo mara nyingi haigusi kabisa chanzo cha tatizo.

Hakikisha kwanza unanunua 7010 ipi, kwa kuwa Dell walilirudia jina hilo 2023 kwa mashine tofauti yenye prosesa za kizazi cha 13. Hii ya zamani ina chipseti (chipu inayounganisha sehemu za bodi) ya Q77 na prosesa za Intel za kizazi cha 3. Nyingi zina i5-3470, yenye kori 4 na kasi ya 3.2 GHz. Ina sloti 4 za RAM ya DDR3, jumla mpaka GB 32. Ukiiwekea SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, na RAM ya GB 8, kwa kazi za Word na Excel, masomo ya mtandaoni na video haitakuchosha. Windows 11 haiikubali rasmi, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayepanga kukaa nayo miaka aifikirie Linux.

Sasa pawa saplai, boksi linalogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na kompyuta: hapo ndipo mashine hii inashinda au inaanguka. SFF ina pawa saplai ya wati 240. Ikiwa na i5 bila kadi ya picha, wati hizo zinatosha na kubaki. Shida ni umri. Kapasita zake, vijipipa vinavyohifadhi chaji, zikizeeka hupoteza uwezo wa kushikilia chaji umeme unapokatika kwa kitambo kidogo. Pawa saplai nzima inatakiwa kuvumilia pengo la takriban milisekunde 16, karibu mzunguko mmoja wa umeme wetu wa 50 Hz. Iliyochoka haifiki hapo. Ndiyo maana friji ya jirani ikiwaka, taa ikapepesa kidogo tu, TV inaendelea lakini kompyuta inarestati. Dalili nyingine ni kuzima pale kazi inapokuwa nzito, kwa mfano mchezo ukifunguka au video ikianza kutengenezwa, huku ikikaa kimya siku nzima kwenye Word.

Uzuri ni kwamba Dell wameweka kitufe kidogo cha majaribio nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe, pamoja na taa yake. Zima mashine, acha waya wa umeme ukiwa umechomekwa, bonyeza kitufe. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai iko hai. Isipowaka, usiihukumu bado: chomoa umeme, tenganisha kebo zake na madabodi (bodi kuu) na diski, rudisha umeme, bonyeza tena. Ikiwaka sasa, kuna kitu ndani ya mashine kinachoivuta chini. Isipowaka tena, pawa saplai imekufa. Jaribio hili lina mpaka wake, maana halipimi mzigo. Pawa saplai iliyochoka inaweza kuwasha kijani kizuri na bado ikaanguka kazi ikizidi. Njia ya uhakika ni kupachika nyingine nzima kwa saa chache na kuangalia.

Katika kununua mbadala ndipo watu hupoteza pesa. Pawa saplai ya ATX, ile ya kompyuta kubwa za kawaida, haiingii kwenye kasha la SFF. Tafuta ya Dell yenye maandishi kama H240AS-00 au L240AS-00, yenye plagi ya pini 24. Usipewe ya 7020 au 9020 kwa maneno kwamba “ni zilezile”: hizo zina plagi kuu ya pini 8 na hazichomekani hapa. Usikubali pia fundi afungue boksi la pawa saplai mezani kwako kubadili kapasita kama hana vifaa vya kazi hiyo. Ndani kunaweza kubaki chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Na kadi ya picha? GT 1030 fupi, yenye wati 30, inakaa vizuri. GTX 1050 Ti ya wati 75 ni kuitafutia mashine hii restati mpya.

Kabla ya kulaumu chuma chochote, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2 inapowaka, na uangalie kipengele cha AC Recovery kwenye mipangilio ya umeme. Kikiwa kwenye Power On au Last State, umeme ukikatika sekunde moja na kurudi, mashine inajiwasha yenyewe. Asiyekuwepo chumbani ataapa kompyuta imerestati bila sababu. Kiweke Power Off kwa wiki moja. Ukiikuta imezima badala ya kuwaka, huenda ni umeme.

Kwa upande wa umeme, gadi ya TV au ya friji haisaidii hapa. Kazi yake ni kukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, haina cha kuziba pengo. Stabilaiza ya relei nayo inaruka kidogo kila inapobadili hatua, ule mlio wa “tak”, na pawa saplai dhaifu huusikia. Kinachoziba pengo ni UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ya 650 VA inatosha mashine hii na monita ya inchi 22, dakika za kutosha kuhifadhi kazi. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Ikiwa mashine inazima hasa UPS inapohamia betri, inawezekana betri ya UPS imechoka, au pawa saplai haipatani na mawimbi ya ngazi ambayo UPS za bei ndogo hutoa.

Joto ni rahisi zaidi kulitambua. Kasha ni jembamba na vumbi hujaa kwenye hitisinki, chuma cha mapezi kinachopoza prosesa, chini ya kifuniko cha feni, mahali ambapo brashi ya juujuu haifiki. Mashine ikizimwa na joto, mara nyingi ikiwaka tena huonyesha onyo kwamba ilizimika kwa sababu ya joto, kabla hata Windows haijaanza. Prosesa hizi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 105, kwa hiyo utaona uzito kwanza, restati baadaye. Puliza vumbi, futa pasta ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati. Kaza skrubu za hitisinki kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo.

RAM za sokoni zinahitaji jicho. Kuna vipande vya DDR3 vya bei chee vilivyotengenezwa kwa bodi za AMD tu. Kwenye Q77 havitambuliwi au huleta skrini ya buluu. Acha kipande kimoja, endesha jaribio, badilisha, rudia. Jaribio la Dell lipo ndani ya mashine: F12 wakati wa kuwaka, kisha Diagnostics. Taa ya kitufe cha kuwashia ikipepesa rangi ya chungwa mara 2 kisha 3, shuku madabodi, RAM au prosesa. 2 kisha 4 ni ile betri ya CR2032, unaibadili na kuendelea na siku yako.

Kwenye Windows, andika sysdm.cpl, ingia Startup and Recovery, ondoa tiki ya Automatically restart. Hapo skrini ya buluu itabaki mbele yako badala ya kupita kama radi. Kisha fungua eventvwr.msc, kwenye kumbukumbu za System, tafuta Kernel-Power namba 41. Tukio lenyewe halisemi chanzo, linasema tu mashine haikuzimwa vizuri. Soma ndani yake thamani ya BugcheckCode. Ikiwa 0, mara nyingi umeme au chuma kimekata ghafla, rudi kwenye pawa saplai. Ikiwa 26, anza na RAM. Ikiwa 292, ni hitilafu ya chuma iliyoripotiwa na prosesa: angalia joto, kisha pawa saplai, kisha bodi.

Dukani omba mambo matatu: kitufe cha nyuma kibonyezwe mbele yako, Diagnostics ya F12 imalizike yote, na kifuniko kifunguliwe. Kifuniko cha SFF kinafunguka kwa kuvuta lachi, bila bisibisi, kwa hiyo kisingizio cha kukosa fundi hakipo. Angalia kapasita za bodi kama zimevimba juu na kama feni inazunguka bila kukwaruza. Dhamana uliyopewa iandikwe kwenye risiti kuwa inahusu pawa saplai pia, maana wengi huandika “mashine” na baadaye kukwambia pawa saplai haimo.