Ulongi au Chai Nyeusi ya China: Ununue Ipi?

Karibuni tena, wapenzi wa chai. Leo mezani nimeweka chai nne za China, nyeusi mbili na ulongi mbili (ulongi ni chai iliyo katikati ya kijani na nyeusi), maana swali mnaloniletea ni lile lile: nikiwa na pesa ya pakiti moja tu, ninunue ipi? Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. Kama kwako chai bila maziwa si chai, nunua nyeusi ya Yunnan, ile inayoandikwa Dianhong. Kama unakunywa chai ya rangi, tena bila sukari, na una muda wa kukaa nayo, nunua ulongi ya kuchomwa ya milima ya Wuyi, mkoani Fujian. Kwenye pakiti itaandikwa Oolong.

Mmea wa chai nyeusi na ulongi ni mmoja, tena ndio huo huo unaolimwa Kericho na Mufindi. Kinachozitofautisha ni mikono ya mtengenezaji. Kwa chai nyeusi, majani hunyaushwa, husokotwa mpaka utomvu utoke, kisha huachwa hewani yageuke rangi kabisa, ndipo hukaushwa. Kwa ulongi, majani yakishanyauka hutikiswa kwenye nyungo au kwenye pipa la mianzi linalozunguka, ili kingo zake zichubuke. Kingo zinaanza kuwa nyekundu, katikati bado kijani. Wanaacha, wanatikisa tena, wananusa, na kazi hiyo mara nyingi inaendelea hadi usiku. Harufu ikifika pale wanapoitaka, majani yanatiwa kwenye moto mkali na mabadiliko yanakoma hapo hapo. Mwingine anakomesha mapema, mwingine anachelewa, na ndiyo maana ulongi mbili zinaweza kutofautiana zaidi kuliko ulongi na chai nyeusi.

Tuanze na hii Dianhong. Tazameni majani: marefu, na yana ncha za rangi ya dhahabu. Hizo ni chipukizi changa zenye vinyweleo. Chai hii ilianza kutengenezwa Fengqing, Yunnan, mwaka 1939, wakati vita na Japani vilipokuwa vimebana maeneo ya zamani ya chai huko mashariki. Mti wa Yunnan ni wa jani kubwa, jamii ile ile ya Assam, India, ambayo ndiyo imeenea kwenye mashamba ya Kenya. Kwa hiyo ina nguvu ya kubeba maziwa. Ila msitegemee itoe rangi kwa kasi ya majani yetu ya dukani, yale yaliyosagwa na mashine yakawa chembechembe. Hili ni jani zima, linatoa taratibu. Gramu 3 kwa kikombe cha mililita 250, maji yaliyochemka, dakika 4, ndipo umimine maziwa ya moto. Usiichemshe sufuriani pamoja na maziwa. Utaua ule utamu wa asali uliolipia. Ikinywewa kavu, yaani bila maziwa, ni laini, haikaushi kinywa.

Nyeusi ya pili ni Keemun, ya wilaya ya Qimen, mkoa wa Anhui. Ina harufu nzuri ya matunda na kakao kwa mbali, lakini ni nyembamba, na ukitia maziwa unabaki na maziwa. Chai nzuri kwa anayekunywa kavu. Twende mbele.

Sasa ulongi, na hapa naomba mtulie nami. Hii ya kijani, iliyofinyangwa ikawa vipunje, ni Tieguanyin ya Anxi, nayo ni ya Fujian. Ikiwa mpya inanukia maua mpaka chumba kizima kinajua. Tatizo ni kwamba aina hii isiyochomwa huzeeka haraka. Kule China huiuza kwenye vipakiti vidogo vilivyonyonywa hewa, na wengi huiweka kwenye friji. Basi fikiria imekaa miezi kwenye kontena, halafu kwenye rafu ya duka lenye joto la Mombasa au Dar. Wenye ndugu wanaofuata mzigo Guangzhou, waagizeni moja kwa moja. Wengine, msianze na hii.

Ulongi hii ya pili, yenye majani meusi marefu yaliyosokotwa, ndiyo ya Wuyi, na jina lake maarufu ni Da Hong Pao. Msidanganywe na muuzaji anayesema imetoka kwenye miti mama mlimani. Miti ile ya kale haivunwi tangu 2006. Inayouzwa hutokana na miti iliyopandwa kwa vipandikizi, au ni mchanganyiko wa chai za Wuyi, na hakuna ubaya, alimradi bei iwe ya haki.

Hii imechomwa, kwa hiyo haiharibiki upesi. Natia gramu 5 kwenye kikombe hiki chenye mfuniko, gaiwan, cha mililita 100. Maji yanayotokota. Nahesabu sekunde 15, namimina yote, sibakishi tone. Kikombe cha kwanza: moshi kidogo na karanga za kukaanga. Sasa maji mengine juu ya majani yale yale... sikieni, moshi umerudi nyuma, limekuja tunda lililokaushwa, na utamu unabaki kooni baada ya kumeza. Cha tatu kwangu ndicho bora kuliko vyote. Naongeza sekunde chache kila mara, na majani haya yatanipa vikombe sita, hata saba. Kwa hiyo mkipiga hesabu ya bei, msilinganishe pakiti kwa pakiti; gawanyeni kwa vikombe. Anayeitia maji mara moja na kutupa majani ametupa chai aliyoilipia.

Maziwa hapa hapana, nawasihi. Tangawizi na iliki pia zipelekeni kwenye Dianhong.

Wanaouliza ipi haina kafeini: zote zinayo, na kiasi hutegemea zaidi wingi wa majani na muda wa kuyaloweka kuliko jina la chai. Na muuzaji akikwambia ulongi inapunguza kitambi, mlipe bei ya chai, si bei ya dawa.

Mkienda dukani, ombeni kuyaona majani kabla ya kulipa. Yawe mazima, makavu ya kuvunjika kwa kidole, yenye harufu hata kabla ya maji. Ukikuta vumbi chini ya pakiti, irudishe. Na anzeni na gramu 50, si nusu kilo.