"Mama, gari ni gari": uzoefu wangu wa kukodi gari la kuhamia

Kwanza niwe mkweli: gari lilikuwa zima. Limeoshwa, tairi nzuri, injini haigugumii. Kwa hiyo kama unachotaka kujua ni iwapo hawa watu wana magari mazima, wanayo, na unaweza kuishia hapa. Ugomvi wangu ni kwamba niliagiza gari moja nikaletewa jingine, na bwana wa kupokea simu akaongea nami kama ninalilia rangi ya kikombe.

Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita, nahama nyumba. Kwenye simu nilisema, nikarudia: "Nataka la boksi. Lile ambalo kichwa kiko peke yake, na nyuma limebebeshwa boksi la pembe nne, kama chumba." Akanijibu, "Hamna shida, limefunikwa kote, mvua haiingii." Hapo ndipo ningeshtuka, maana habari za mvua sikumuuliza.

Asubuhi yenyewe ikaja vani. Vani ya kawaida, bodi moja ya bati toka kioo cha mbele mpaka milango ya nyuma, ubavuni mlango wa kuburuta. Nikapiga simu. Akacheka kidogo, halafu akatamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natafuta kitu cha kurusha: "Mama, gari ni gari. Si limefunikwa?"

Jeneza nalo limefunikwa, kaka.

Sasa tuje kwenye friji. Friji langu lina kimo cha sentimeta 185. Utingo akaingia ndani ya vani na futi, akapima sakafu mpaka dari: 193. Akaniangalia kwa ushindi, "Unaona? Linaingia." Mimi nikamwambia apime mlango. Mlango ulikuwa 178, kwa sababu juu yake kuna boriti ya bati inayoshikilia paa, na boriti hiyo haimo kwenye vile vipimo vya ndani wanavyojivunia. Akasema basi tuliinamishe. Tukaliinamisha, likapita. Kulisimamisha sasa! Kila tukiliinua, kona ya juu inagonga dari. Fundi seremala yeyote angetuambia: kitu kirefu kikiwa kinainuliwa kinahitaji nafasi ya mshazari wake, si ya kimo chake. Urefu 185 na kina 65 vinakupa mshazari wa 196. Dari ni 193. Sentimeta tatu, jamani. Tulihangaika na sentimeta tatu mpaka majirani wakatoa viti nje.

Mwisho likalazwa. Na friji likilazwa, mafuta ya kompresa yanaweza kutambaa kuingia kwenye mabomba, ndiyo maana ukifika huliwashi. Unalisimamisha na kulisubiri kwa saa kadhaa. Nililisubiri usiku kucha, nimekaa pembeni yake kama mgonjwa wangu.

Kabati ndilo lililonimaliza kabisa. Vani ina nundu mbili sakafuni, huku na huku, kwa ajili ya tairi za nyuma. Kati ya nundu na nundu, hata kwenye hizi vani kubwa za Ford Transit na Mercedes Sprinter, unapata kama sentimeta 135 hadi 140 tu. Kabati langu ni 150. Halikai sakafuni, linapanda juu ya nundu na kubembea kama mashua. Na ukutani nako huliegemezi, kwa kuwa ubavu wa vani umepinda, unabana kadiri unavyopanda juu. Boksi halina haya mambo. Linajengwa juu ya chasisi, sakafu yake iko juu ya tairi, kwa hiyo hakuna nundu, na kuta zinasimama wima toka chini mpaka juu. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nailipia. Sikulipia kufunikwa.

Kwa hasira usiku ule, huku nikilinda friji, nikasoma kila nilichokipata kuhusu magari haya. Kuna aina ambayo boksi lake linatokeza mbele mpaka juu ya kichwa cha dereva. Waingereza wanaiita Luton, kwa jina la mji yalikotengenezwa magari ya Bedford, mji uliosifika kwa kofia za ukili. Inasemwa ile nafasi ya juu ilifaa kwa mizigo kama hiyo, mikubwa lakini haina uzito. Mimi pale juu ningeweka magodoro. Niliumia kusoma hilo kuliko nilivyoumia mgongo.

Halafu, na hapa naandika nikiwa nimekunja uso, kuna mambo mawili ambayo yule bwana angeweza kunijibu nikanyamaza, lau angekuwa anayajua. La kwanza, boksi lenyewe ni mzigo. Ulaya gari jepesi la aina hii kwa kawaida linaruhusiwa kilo 3,500 jumla, likiwa na kila kilichomo, kwa hiyo kila kilo ya boksi, na ya lifti ya nyuma kama ipo, inatolewa kwenye kilo zako. Mimi nina makatoni ya vitabu mengi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Kwa vitabu, vani ilikuwa sahihi. La pili, sakafu ya vani iko chini, hasa ile inayovutwa na tairi za mbele, maana haina propela, ule mtaimbo wa kupeleka nguvu ya injini tairi za nyuma, inayopita chini yake. Citroën waliligundua hilo na vani yao ya Type H tangu 1947. Wabebaji walikuwa wanaingia na kutoka kama wanapanda kizingiti. Kwenye boksi bila lifti wangepanda kimo cha kiuno, katoni moja moja.

Kwa hiyo nilikuwa naelekea kuwapa nyota tatu. Dereva alikuwa mtu mstaarabu, hakupiga hata shimo moja, na alinisaidia kubeba jiko bila kuombwa.

Lakini angesema! Angesema, "Mama, boksi limetoka, ipo vani, mlango wake ni 178, pima vitu vyako." Ningepima, ningetafuta kwingine au ningekuja mara mbili. Nisingekasirika. Hata angeniletea kale kadogo, Kangoo au Berlingo, kagari ka familia kalikozibwa madirisha ya nyuma, angalau ningejua ananitania. Mtu anayekodisha magari ya mizigo na haoni tofauti kati ya bodi iliyopinda na boksi lenye pembe ni kama muuza viatu anayekwambia mguu ni mguu.

Nyota mbili. Moja ya dereva, moja ya vitabu.

Niongeze: nikiwa katikati ya kuandika haya wamenitumia ujumbe. "Asante kwa kutuchagua. Tafadhali tupe maoni yako kuhusu lori ulilokodi."

Lori!

Nyota moja.