Amelia Earhart kwenye skrini: ya 1994 au ya 2009?

Kama una jioni moja tu ya kutazama filamu kuhusu Amelia Earhart, rubani Mmarekani aliyetoweka na ndege yake mwaka 1937, chukua ya 1994. Najua wengi watakimbilia ile ya Mira Nair, "Amelia" (2009), na si ajabu: Hilary Swank kafanana naye hasa, na ndege zinapopita juu ya milima na bahari unasahau hata kutafuna bisi. Lakini kwa mwongozaji mwenye makazi Kampala, aliyezoea kuwachimba watu kwa kina, nilitarajia zaidi. Muda mwingi unaliwa na mapenzi: huku mumewe, George Putnam (Richard Gere), kule Gene Vidal (Ewan McGregor). Mwanamke aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1932 anabaki kuchagua kati ya wanaume wawili!

Ile ya 1994, "Amelia Earhart: The Final Flight", ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na haina fahari hiyo. Ila Diane Keaton anamwigiza mtu mkaidi, mwenye wasiwasi, aliyechoshwa na umaarufu wake mwenyewe. Bruce Dern, akiwa Putnam, anaonyesha jinsi jina la mke lilivyogeuzwa biashara. Naye Rutger Hauer anampa uhai Fred Noonan, msoma ramani na nyota wa safari hiyo ya mwisho, ambaye kwa Nair ni kama abiria.

Mahali pamoja ya 2009 inaongoza: Julai 2, 1937, siku aliyotoweka, karibu na kisiwa cha Howland katika Pasifiki. Meli ya Itasca, inayomsubiri hapo, inamsikia Amelia redioni, inamjibu, naye hapati majibu. Hapo Nair hahitaji mapenzi ya mtu yeyote.