Mara ya sita Animal Kingdom, na Harambee bado imepungua 'e' moja

Kazi yangu ni udereva wa lori, kwa hiyo likizo ikifika mtu angedhani nitalala. Thubutu! Saa tisa usiku niko kwenye usukani tena, ila safari hii ni gari la nyumbani. Mke pembeni, watoto watatu nyuma wamejifunika kanga za mama yao (yeye husema leso, na miaka kumi na tano ya ndoa haijatupatanisha kwa hilo), tunaiaga Atlanta na kuishika barabara kuu ya I-75 kuelekea kusini, hadi Animal Kingdom, bustani ya wanyama na michezo ya Disney huko Orlando, Florida. Orlando ni maili 440 hivi, kama kilomita 700. Hii ni mara ya sita. Tangu tuanze tumeruka mwaka 2020 tu, bustani zilipofungwa kwa ajili ya korona.

Safari yenyewe imeshakuwa na sheria ambazo hakuna anayekumbuka nani alizitunga. Kabla ya kuvuka mpaka wa Florida lazima tununue karanga za kuchemsha, zile zenye maganda, za moto, ambazo Georgia huuzwa kando ya barabara. Ni karanga zilezile nilizokulia Tanga, na hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya nilipende jimbo hili. Maganda yote yanaingia mfuko mmoja, na anayedondosha ganda garini ndiye atakayebeba begi la maji kesho yake. Mke wangu, mtu wa Mombasa, hulala njia nzima, lakini gari likipunguza mwendo anauliza macho yamefumba: "Tushafika kwa karanga?"

Watu wanatushangaa kwamba tunakwenda Walt Disney World na hatuingii Magic Kingdom, bustani yenye lile kasri. Tuliingia mwaka wa kwanza. Tukapiga picha, tukapanga foleni, tukatoka, basi. Bustani ziko nne: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Sisi ni watu wa hiyo ya mwisho: siku mbili bustanini, usiku mmoja kwenye hoteli yake ya Animal Kingdom Lodge, na usiku mwingine kwenye hoteli ya bei nafuu huko nje ambayo jina nalihifadhi, kwa kuwa kiyoyozi chake kilinguruma usiku kucha mpaka nikaota niko kazini.

Kinachoturudisha ni vibao. Animal Kingdom ina upande wa Afrika, na upande huo una mji wa kubuni uitwao Harambe, na mji huo umejaa Kiswahili, kingine kizuri na kingine cha kubahatisha. Watoto wetu wamezaliwa huku. Nyumbani nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, nikikaza wananijibu kwa kichwa. Wafikishe Harambe uone wanavyogeuka walimu wa lugha! Mchezo ulianza mara yetu ya pili, tulipokuwa tumejibanza chini ya paa tukingoja mvua ya alasiri ipite. Anayeona neno la Kiswahili alisome na kulieleza. Akithibitisha kwamba limekosewa au limewekwa pasipo pake, pointi mbili. Sharti ni moja: maelezo yatolewe kwa Kiswahili. Kiingereza kinafuta pointi zote.

Kosa kubwa kuliko yote aligundua wa kati, wakati huo ana miaka mitano na ndiyo kwanza anajua kusoma. Alichukua pasipoti ya zamani ya mama yake, akaikodolea macho ile nembo ya Kenya jaladani, akatangaza: "Harambee ina e mbili. Hawa wameweka moja." Dada yake akamkatalia. Shuleni kwao Harambe ni yule gorila aliyepigwa risasi Cincinnati mwaka 2016, na naye aliandikwa kwa e moja. "Basi na gorila walimkosea jina," akajibu mdogo mtu, na pointi zake mbili hazijawahi kutenguliwa.

Mengine ni ya kubishana. Tamu Tamu wanauza aiskrimu: sahihi, hakuna cha kusema. Zawadi, kule hotelini, ni duka la zawadi: sahihi pia, hata linachosha. Kusafiri ni pa kahawa na keki, na hapo binti mkubwa alipata pointi kwa kudai kwamba anayekunywa kahawa ni msafiri, siyo kusafiri. Kali River Rapids, boti la duara linalokulowanisha mpaka soksi, liko upande wa Asia na jina lake halikutoka kwetu, lakini tumeliruhusu, maana maji yale ni makali kweli. Tusker House ni mkahawa wa familia, na kila mwaka mke wangu hupita pale akicheka peke yake, kwa sababu kwao Tusker ni bia. Dawa ni baa. Na hotelini kuna Zahanati, ambako watu huenda kufanya mazoezi ya mwili. Kwa hiyo ukiugua huko, usifuate Kiswahili.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga tulimchukua. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, akafika mbele ya ile Dawa Bar, akasoma, akamgeukia mjukuu wake: "Hebu niulizie kama wana ya miguu." Jioni tukamwambia tunakwenda kula Boma, mkahawa wa hotelini, akasimama katikati ya ukumbi wa hoteli. "Bomani kuna nini? Tumeshtakiwa?" Mke wangu ikabidi amshike mkono: "La, mama, ni chakula tu. Twende ukakae."

Mama huyohuyo ndiye aliyetuachia mila mbili tunazozifuata mpaka leo. Kwenye Kilimanjaro Safaris mnapanda gari kubwa la wazi, mnazungushwa dakika kama ishirini katikati ya wanyama wa kweli: twiga, faru, viboko, tembo, na simba juu ya mwamba wao. Dereva huanza kwa "Jambo!" Kwetu hiyo ni salamu ya watalii, lakini tumezoea kuitikia kwa sauti moja, "Hatujambo!", mpaka abiria wengine nao wanadaka. Siku ile mama alimtazama yule kijana, akaona mtu wa umri wake anamsalimia mkubwa, akaitikia kwa upole wote: "Marahaba, mwanangu." Tangu hapo mmoja wetu lazima aseme marahaba. Mwaka huu zamu ilikuwa ya kitindamimba wa miaka mitano, na aliisema kwa heshima ya ajuza.

Mila ya pili ni ya mbuyu. Ile mibuyu minene mnayopita porini ni ya kutengenezwa. Mama alipoambiwa alinyamaza kidogo, akauliza: "Mbuyu wa saruji! Na pepo wakae wapi?" Sasa kila tukifika pale watoto wanauliza swali hilo kwa pamoja, na jirani zetu garini wanadhani ni wimbo.

Mimi, lazima nikiri, navutiwa na barabara kuliko twiga. Ni zege lililotiwa rangi ya udongo na kukanyagishwa matairi lingali bichi ili libaki na makorongo na mashimo kama njia ya vumbi. Wahandisi wamelipwa kutengeneza mashimo. Nimeendesha magari Handeni wakati wa masika. Kule mashimo yanakuja yenyewe, bure, na hayahitaji mchoro. Lakini kazi nzuri naijua nikiiona, na ile ni kazi nzuri.

Ushauri kuhusu safari hiyo: nendeni lango linapofunguliwa tu. Bustani hii hufunguliwa mapema, na asubuhi wanyama wanatembea. Kufika saa saba mchana, hasa Juni na Julai, joto la Florida limeshawalaza, na ninyi wenyewe mtatamani kulala nao. Sisi tunapanda mara mbili, asubuhi na tena jioni, na hakuna hata mara moja tumeona mambo yaleyale.

Kuhusu mji wenyewe, mke wangu ndiye jaji. Waliobuni Harambe waliiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na inaonekana: kuta zenye lipu iliyobanduka, milango ya nakshi, matangazo ya rangi yaliyofifia makusudi. Mwaka wa kwanza aligusa ukuta mmoja, akasogea nyuma, akautazama tena. Nilidhani machozi yatatoka. Akasema, "Waona, ni Lamu kabisa. Ila punda wako wapi?" Akanusa hewa. "Na harufu yao?"

Sasa chakula, maana Mswahili hasafiri kwa vibao peke yake. Bustanini unaruhusiwa kuingia na chakula chako, mradi si kwenye vyombo vya kioo na hakuna pombe, kwa hiyo maandazi na kachori za mama watoto zinasafiri nasi kutoka Atlanta ndani ya karatasi za foili. Maji baridi yenye barafu utapewa kikombe bure kwenye migahawa ya kaunta, usiyanunue. Kikombe hakitakuwa na mrija wa plastiki wala kifuniko, na maputo hayauzwi humo, ili yasije kuwadhuru wanyama. Kitindamimba hupita siku nzima bila kulilia puto. Kwa baba mwenye watoto watatu, hilo peke yake lina thamani ya tikiti.

Boma ni mlo wa kujipakulia mwenyewe, na nafasi inabidi uiwahi siku 60 kabla. Supu zao ni nzuri mno. Mimi hurudia mara tatu na sioni haya. Lakini jina ni la kwetu, chungu ni cha kusini: bobotie (nyama ya kusaga iliyookwa na mayai), chakalaka (mchuzi wa mboga wenye pilipili), pap ambayo ni ugali uliokwenda kusoma Johannesburg. Wahudumu wengi tuliokutana nao ni wa huko huko. Vibandiko vyao vya majina vimeandikwa walikotoka, na watoto huvisoma wakitafuta mtu wa Afrika Mashariki. Mwaka huu hatukumpata, lakini dada mmoja wa Botswana alifundishwa neno "shibe" na akalifurahia. Jambo moja kwa Waislamu wenzangu: vile vitamutamu maarufu vyenye milia ya pundamilia vina Amarula ndani yake, nayo ni pombe. Mke wangu hana kawaida ya kutia kitu sahanini bila kuuliza, ndiyo maana najua.

Mahali petu hasa ni Sanaa, mkahawa ulio kwenye jengo la pili la hoteli, Kidani Village. Wanachanganya mapishi ya Afrika na Uhindi, na mtu wa Mombasa akikaa pale anashusha mabega. Tunaagiza mikate ya naan na vibakuli vyake tisa vya kuchovya. Vibakuli tisa, watoto watatu: kila mmoja ana vitatu vyake na anavitawala. Binti mkubwa ana chatini ya ukwaju, chatini ya embe na achari ya kitunguu saumu, na ukitaka kuchovya unamwomba ruhusa kwa Kiswahili. Wa kati alichagua jemu ya nyanya na tende kabla hajaionja, akabahatika. Mdogo amebaki na vile vikali na havili, ila anakusanya ushuru. Dirishani, hatua chache tu, twiga anakula majani.

Hotelini msidanganyike kuchukua chumba kinachotazama savana. Vyumba vyote ni ghali, mamia ya dola kwa usiku, na hivyo ni ghali zaidi. Sisi tunachukua chumba kinachotazama upande mwingine na kushuka na mashuka yetu mpaka kwenye majukwaa ya kutazamia, ambayo ni ya wageni wote. Saa kumi na mbili unusu asubuhi, chai kwenye chupa, ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama matawi wanapita taratibu. Upande wa Kidani yuko okapi, mnyama wa misitu ya Kongo ambaye mimi, mtoto wa Afrika, nilimwona kwa mara ya kwanza Florida.

Na kuna kijiti cha urefu. Treni ya Expedition Everest, inayopanda mlima na kurudi kinyumenyume gizani, inataka mtoto awe na sentimita 112. Kila mwaka tunamsimamisha kitindamimba pale, viatu vya kawaida, hakuna kuvimbisha nywele. Mwaka jana alipungukiwa na upana wa vidole viwili, akalia mpaka Harambe. Mwaka huu kijiti kikamgusa utosi. Akakitazama, akautazama mlima, akasikia mayowe ya waliokuwa juu, akanivuta shati: "Baba, mimi nitashika mabegi." Na alishika, yote, pamoja na begi la maji ambalo kwa sheria ya maganda lilikuwa zamu yangu.

Nilikuwa nimeshaweka nyota tano. Wa kati, anayesoma haya begani kwangu akitafuna karanga za mwisho, amezikataa. Anasema nne zinatosha, na kwamba ya tano anayo yeye mpaka watakapoongeza ile e.