video_player ya Flutter: injini unapewa, usukani tafuta mwenyewe

Wakuu, nimemaliza kuweka video kwenye app ya mama mmoja hapa mtaani anayefundisha kushona, masomo kama 12 ya dakika tatu tatu, nikatumia video_player, ile plagini (kipande cha kuongezea kwenye app) ya kucheza video, ya timu ya Flutter wenyewe, Flutter ikiwa ni zana za Google za kutengenezea app. Nimeikubali. Chini yake kwenye Android inaendeshwa na kichezeshi cha video kiitwacho ExoPlayer, kwenye iPhone na AVPlayer, kwahiyo picha imetulia hata kwenye kisimu changu cha kawaida tu.

Ila unapewa picha tupu. Batani ya kupleyi hamna, kujaza skrini nzima hamna, ujitengenezee, na mstari wa kusogeza mbele upo (VideoProgressIndicator) ila uupachike mwenyewe. Mi nikapachika Chewie, plagini nyingine inayoleta batani hizo, juu yake, jioni hiyohiyo mambo yakawa poa.

Kilichonitoa jasho ni uzembe wangu. Kwenye majaribio video zinacheza freshi, natoa apk (faili la kusakinisha app) ya mwisho nampelekea mama, anafungua, kiduara kinazunguka tu weee. Nikasingizia seva, nikasingizia bando lake, kumbe sikuandika ruhusa ya INTERNET kwenye manifesti kuu (faili linalotaja ruhusa za app), ukiwa kwenye debagi, yaani hali ya majaribio, Flutter inakuwekea kimyakimya ila ukitoa apk ya kugawa inakuachia mwenyewe. Siku nzima imeenda hivyo! Na linki ziwe za https jamani, kuanzia Android 9 ile http kavu inagomewa mpaka uiruhusu.

Afu video ikichelewa kuanza usikimbilie kuitukana plagini. Faili nyingi za MP4 faharasa yake (orodha inayosema kila kipande cha video kiko wapi) inakaa mwishoni kabisa, sasa simu lazima ikaitafute huko kwanza ndo icheze. Pitisha faili kwenye ffmpeg, programu ya kuchakata video, na `-c copy -movflags +faststart`, faharasa inahamia mwanzoni, ubora haupungui hata chembe maana picha yenyewe haiguswi. Za kwangu sasa ukibonyeza tu hiyo inaanza.

Na dispose, ile amri ya kufunga kichezeshi ukitoka kwenye ukurasa, usisahau. Mimi nilisahau kwenye ukurasa mmoja, nikawa nimeshatoka kwenye somo niko kwenye menyu huku sauti ya mama bado inaniambia "kunja pindo, kunja pindo" 😂

Nyota nne kati ya tano, ya tano nitaitoa siku wakileta na batani.