Crown XLS 1502 kwa sabufa ya nyumbani: soma ohmu kabla ya wati

Amplifaya ya kwanza iliyoendesha sabufa yangu ilikuwa ya bamba, yaani ile inayofungwa kwa skrubu nyuma ya boksi lenyewe, na katoni yake ilijisifu kwa maandishi makubwa ya wati 1,000. Herufi ndogo zilizokuwa chini yake zilieleza kwamba hizo ni wati za kilele, tena kwa mzigo wa ohmu 2 (ohmu hupima jinsi spika inavyoukinza umeme), ilhali spika yangu haikuwahi kuunganishwa kwa ohmu 2 hata siku moja. Ilivuma tangu siku ya kwanza, kisha jioni moja ikanyamaza, na nilipoifungua nikakuta miguu ya kapasita kubwa imeachana na lehemu kwa sababu ya mtikisiko wa boksi. Sina haja ya kuitaja jina, kwani bodi ya umeme inayoishi ndani ya boksi linalotetemeka ina shida zake, yeyote aliyeitengeneza.

Safari ya pili niliamua kuiweka amplifaya nje ya boksi, nikachukua Crown XLS 1502, mashine ya chaneli mbili ambayo kwa asili imekusudiwa kazi za ukumbini. Ni ya daraja D (herufi hiyo haimaanishi dijitali, ingawa wengi hudhani hivyo), kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme inaoula huishia kwenye spika badala ya kupotea kama joto, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutokuwa nzito kama amplifaya za zamani zenye transfoma kubwa. Nyuma ina matundu ya RCA (plagi ndogo za vifaa vya nyumbani) pamoja na yale ya XLR (plagi za pini tatu za vifaa vya ukumbini), jambo lililoniondolea haja ya kutafuta adapta, maana resiva nyingi za nyumbani, yaani mashine zinazopokea sauti na kuzigawa kwa spika, hutoa besi kwa RCA.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni hesabu ya ohmu, na hapo ndipo ninapoona wanunuzi wengi wanapotelea. Spika yangu ni ya inchi 12, ina koili mbili (nyaya zilizoviringwa zinazosukuma koni, yaani uso wa spika unaotetemeka) za ohmu 4 kila moja, na inastahimili wati 500 za mfululizo. Koili hizo zikiungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, zinakuwa ohmu 8, na kwa mzigo huo chaneli moja ya XLS 1502 inatoa wati 300. Zikiungwa sambamba, zote kwenye ncha zilezile, zinakuwa ohmu 2, na chaneli ileile inatoa wati 775. Mtu akiamua kuziunganisha chaneli zote mbili zifanye kazi kama moja, kwa ohmu 8 atapata wati 1,050. Lakini akifanya hivyo kwa ohmu 2, kila chaneli itauona mzigo kana kwamba ni ohmu 1, na amplifaya hii haikuundwa kubeba mzigo huo. Spika ni moja na amplifaya ni moja, lakini majibu yanatofautiana kuanzia kazi ya starehe hadi mashine kujizima au kuungua.

Nilichagua mfuatano, ohmu 8 na wati 300, na rafiki zangu walioona nimeacha wati nyingi mezani walinicheka. Hesabu iko upande wangu. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kutoka wati 300 hadi 500 ambazo ndizo kikomo cha spika yangu, tofauti ni kama desibeli 2, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida, hali koili hupata joto la ziada bila ubishi. Zaidi ya hayo, chaneli ya pili inabaki huru kwa ajili ya sabufa ya pili, na sabufa mbili zilizowekwa pembe tofauti za chumba husawazisha besi kuliko moja inayopigwa kwa nguvu.

Kabla ya kuunganisha waya niliweka mita kwenye koili zilizokwisha kufuatanishwa, ikasoma 6.9. Asiyezoea angeogopa, lakini mita hupima kwa umeme wa betri na si kwa umeme unaogeukageuka wa muziki, hivyo namba yake huwa chini ya ile iliyoandikwa kwenye spika. Kisha niligusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha mbili zilizobaki, na koni ikaruka nje kwa mkupuo mmoja. Isingejongea, ningejua kwamba koili moja imegeuzwa na kwamba zinashindana, kosa ambalo lingenifanya niilaumu amplifaya isiyo na hatia.

Mpangilio wa kuchagua volti za kuingia, 0.775 au 1.4, ni mdogo lakini una maana kubwa. Resiva ya nyumbani mara nyingi haitoi volti nyingi kama meza ya kuchanganyia sauti, kwa hiyo niliuweka kwenye 0.775, na vifundo vya mbele nikavifungua kwa kiasi tu. Vifundo hivyo hupanga ni volti ngapi zitakazoifikisha mashine kwenye kikomo chake, wala havigawi wati. Kichujio kilichomo ndani, kinachoipitishia sabufa sauti nzito tu, nimekizima kwa kuwa resiva tayari inakata besi kwenye hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), na vichujio viwili vikirundikana huacha shimo kati ya sabufa na spika nyingine.

Boksi langu limezibwa kabisa. Mwenye boksi la tundu, yaani lenye nafasi ya kupitisha hewa, anahitaji pia kichujio kinachozuia mawimbi yaliyo chini ya kiwango ambacho tundu limepangiwa, kwa sababu chini ya hapo koni hukosa hewa ya kuishika, nayo inaweza kugonga mwisho wa safari yake hata kwa wati chache.

Feni imo, kama ilivyo kwa mashine za kazi, kwa hiyo niliiweka kwenye kabati lililo wazi nyuma, mbali na kiti ninachokalia. Huwa naiwasha baada ya resiva na kuizima kabla yake, na tangu nianze utaratibu huo sabufa haijapiga ule mshindo wa ghafla unaoamsha nyumba nzima.