Maabara ya kromosomu: tathmini baada ya mwaka mmoja wa kuitumia

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikipeleka sampuli za uboho za wagonjwa wa lukemia kali (saratani ya damu inayokwenda kasi) kwenye maabara moja ya kupima kromosomu, na tathmini hii nawaandikia madaktari wenzangu wanaofikiria kuitumia. Jina lake silitaji, kwani kasoro nitakazozieleza nimeziona pia kwingine.

Kinachonivutia zaidi ni ripoti yenyewe. Mgonjwa mmoja alifika akivuja damu kwenye fizi, nami nikashuku lukemia ya promielositi (aina ya seli changa za damu), ambayo huua kwa damu kuvuja katika siku za mwanzo. Dawa ya ATRA, inayozisaidia seli hizo kukomaa, tulimwanzishia usiku uleule, kama inavyopasa, bila kusubiri majibu. Kesho yake mtaalamu wa maabara alinipigia simu mwenyewe: katika kipimo cha FISH, kinachotia jeni alama za rangi, alama nyekundu na ya kijani zilizopaswa kukaa mbalimbali zilikuwa zimeshikana. Kariotaipu kamili, yaani orodha ya kromosomu zote za seli, ilikuja karibu wiki mbili baadaye, ikiwa na mstari huu: 46,XX,t(15;17)(q24;q21)[18]/46,XX[2]. Chini yake palikuwa na maelezo kwamba kati ya seli 20 zilizosomwa, 18 zilikuwa na kromosomu namba 15 na 17 zilizobadilishana vipande, kwamba jeni PML imeungana na RARA na hivyo kuzizuia seli zisikomae, na kwamba aina hii huitikia vizuri ATRA pamoja na aseniki trioksaidi. Daktari wa zamu asiyewahi kusoma kariotaipu hata moja angeielewa ripoti hiyo.

Lakini kuna la kulalamikia, nalo si dogo. Ripoti ya mtoto mwenye lukemia ya limfoblasti (seli changa za kinga) iliandikwa 46,XY (kromosomu 46 za kiume), hakuna kasoro, bila neno jingine. Uhamisho wa t(12;21), yaani kromosomu 12 na 21 kubadilishana vipande, unaopatikana kwa takriban robo ya watoto wenye lukemia hiyo ya seli B, hauonekani kwa hadubini ya kawaida, kwa sababu vipande vinavyobadilishana vinafanana mno kwa ukubwa na kwa mistari. Maabara haiutafuti kwa FISH mpaka daktari aandike ombi, na fomu yao haisemi hivyo popote. Nilipouliza, waliipima sampuli iliyobaki na kuukuta muungano wa jeni ETV6 na RUNX1 unaoletwa na uhamisho huo, ambao kwa kawaida huashiria matarajio mazuri. Hali ingekuwa tofauti kabisa kama wangekuta t(9;22), inayodai kuongezwa dawa za jamii ya imatinib, au t(4;11), inayojulikana kwa ukaidi wake hasa kwa watoto wachanga. Neno "hakuna kasoro" peke yake halitofautishi lolote kati ya hayo.

Safari nyingine waliandika "kawaida" baada ya kusoma seli tisa tu. Seli tisa hazitoshi kusema mtu hana kasoro. Ilipasa waseme kwamba sampuli haikutosheleza.

Ili niwatendee haki, sampuli moja iliyokataliwa ilikuwa kosa letu wodini. Muuguzi aliiweka kwenye chupa ya EDTA badala ya heparini (zote mbili huzuia damu isigande, ila EDTA haifai kwa kuotesha seli), na kipimo hiki kinahitaji seli hai zitakazogawanyika zikiwa kwenye kilishio. Walitupigia simu saa ileile, wakati mgonjwa angali anaweza kutolewa uboho mwingine kabla ya kuanza dawa. Adabu hiyo sijaikuta kila mahali.

Kwa lukemia ya promielositi nitaendelea kuitumia bila kusita. Kwa watoto, siku hizi naandika kwa mkono wangu pembeni mwa fomu: FISH ya ETV6-RUNX1, BCR-ABL1 (jeni za t(9;22)) na KMT2A (jeni ya t(4;11)), na idadi ya seli zilizosomwa itajwe. Tangu nianze kufanya hivyo, hawajaruka kipimo hata kimoja.